Kuzalisha samaki wa kompyuta ili kujua milia na madoa yanarithiwaje: mwongozo kamili

Mwombe mwanafunzi aliyezalisha samaki wa kompyuta wiki nzima akueleze milia inarithiwaje. Mara nyingi atakuonyesha picha: samaki watatu wanne wa kupendeza, rangi zimekolea, mapezi marefu. Ukimuuliza ndugu zao wako wapi, atasema, "Niliwafuta, Mwalimu, walikuwa wabaya." Basi kazi imeharibika hapo, kwa sababu hao waliofutwa ndio waliokuwa na jibu.

Swali hili nimelijibu kwa vipande vipande kwa vijana wa vilabu vya sayansi, kuanzia Buruburu hadi Kangemi, na kila mara watu hukwama palepale. Kwa hiyo nimeyaweka yote mahali pamoja. Hatutatumia mchezo wa kununua. Tutajenga tangi letu wenyewe katika lahajedwali, kwa kuwa humo jeni unaziona kwa macho, ilhali katika michezo mingi zimefichwa, na katika mingine hazimo kabisa.

Kwa nini tusifuge samaki hai? Gapi (guppy, samaki mdogo wa mapambo) jike hukaa na mimba wiki nne hivi, na vifaranga wake huhitaji miezi miwili mitatu kukomaa. Vizazi vitatu vinakumalizia karibu mwaka. Tena jike huyo huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi, kwa hiyo unaweza kudhani baba ni yule uliyemtia tangini juzi kumbe ni wa zamani. Ongeza klorini ya maji ya mfereji, mgao wa maji mtaani na baridi ya Julai hapa Nairobi, wakati gapi anataka maji ya nyuzi 22 hadi 28. Tangi la lahajedwali halina shida hizo. Lina zake, nazo tutazifikia.

Vitu vya kuandaa

- Simu au kompyuta yenye programu ya lahajedwali. Google Sheets inatosha, na ya bure yoyote itafanya kazi. Ukitumia simu, weka faili lako lifunguke hata bila intaneti, ili bando likiisha usikwame katikati.
- Daftari na kalamu. Usidharau hili. Utabiri wako lazima uandikwe mahali ambapo kompyuta haiwezi kuubadilisha.
- Penseli za rangi mbili kama unafanya na watoto. Wakichora samaki kumi wa kwanza kwa mkono, wanaelewa upesi kuliko kwa maelezo yoyote.
- Saa mbili hivi za utulivu kwa hatua za mwanzo. Kama unatumia kompyuta ya saiba, jitumie faili kwa barua pepe kabla hujaondoka.

Maneno matano ya kushika

Jeni ni maelekezo ya sifa fulani, na samaki hupata nakala mbili za kila jeni, moja ya mama na moja ya baba. Nakala hizo zikitofautiana huitwa aleli tofauti. Aleli tawala ikiwepo hata moja tu, sura yake huonekana. Aleli fiche huonekana pale tu nakala zote mbili zinapokuwa fiche. Samaki mwenye moja ya kila aina tumwite mbebaji: nje anafanana na wale wa tawala, ndani amebeba kingine.

Hatua ya 1: Andika sheria kabla ya kuzalisha

Chukua daftari uandike sifa mbili tu za mwili, si zaidi. Mimi hutumia hizi:

- Milia: aleli 1 ni tawala na hufanya mwili uwe wazi, bila mlia wowote. Aleli 0 ni fiche na huleta milia.
- Doa la mkiani: aleli 1 ni tawala na huacha mkia safi. Aleli 0 ni fiche na huleta doa jeusi.

Wengi hushangaa kwa nini nimeifanya milia kuwa fiche. Watu huamini kwamba pambo linaloonekana ndilo lenye nguvu, na kutokuwa na pambo ni udhaifu. Si lazima iwe hivyo, na mfano wake uko hapa kwetu. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza samaki wa jamii ya fulu wa Ziwa Viktoria walionyesha kwamba jeni moja, agrp2, huizuia milia ya kulala isijitokeze. Walipompandisha samaki wa milia na asiye na milia, watoto hawakuwa na milia, kisha milia ikarudi kwa wajukuu. Na jeni hiyo ilipoharibiwa kwa makusudi katika samaki asiye na milia, milia ikachomoza. Kwa maneno mengine, ramani ya milia ilikuwemo mwilini muda wote, imezimwa tu.

Onyo: Usitumie herufi kubwa na ndogo, yaani M na m, ingawa ndivyo vitabu vya shule vinavyofanya. Lahajedwali ikilinganisha maneno kwa alama ya usawa, au ikihesabu kwa COUNTIF, haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Itawahesabu samaki wote kama wa aina moja, bila kukuonya. Hapa ndipo kazi nyingi nilizoletewa zilipofia. Tumia 1 na 0.

Umefaulu ikiwa mtu mwingine anaweza kusoma ukurasa wako na kukuambia samaki mwenye 1 na 0 kwenye milia, na 0 na 0 kwenye doa, anaonekanaje. Jibu: mwili wazi, mkia wenye doa.

Hatua ya 2: Jenga tangi

Fungua lahajedwali jipya. Safu ya A iwe ya namba ya samaki. B na C ni aleli mbili za milia, D na E ni aleli mbili za doa. Mama akae safu mlalo ya 2, baba safu mlalo ya 3. Watoto waanzie safu mlalo ya 6.

Katika kisanduku B6 andika fomula inayochukua aleli moja ya milia kutoka kwa mama, kwa bahati nasibu:

=IF(RAND()<0.5,$B$2,$C$2)

C6 inachukua kwa baba:

=IF(RAND()<0.5,$B$3,$C$3)

D6 na E6 zinafanya vivyo hivyo kwa doa:

=IF(RAND()<0.5,$D$2,$E$2)
=IF(RAND()<0.5,$D$3,$E$3)

Sasa sura. F6 ni mwili, G6 ni mkia, H6 inaziunganisha:

=IF(B6+C6=0,"milia","wazi")
=IF(D6+E6=0,"doa","safi")
=F6&"-"&G6

Chagua B6 hadi H6, uzivute hadi safu mlalo ya 165. Una vifaranga 160. Namba hiyo nimeichagua kwa kuwa inagawanyika kwa 4 na kwa 16 bila kubaki, na utaona faida yake.

Alama ya dola ndiyo inayoifunga fomula kwa wazazi. Ukiisahau, fomula ikivutwa chini itahama pia: kifaranga wa pili atamchukua baba kama mama, wa tatu atachukua kisanduku kitupu, na kisanduku kitupu lahajedwali hulihesabu kama sifuri. Utapata samaki wengi wa milia wasio na asili.

Hatua ya 3: Lipime tangi kabla ya kuliamini

Mpe mama 0, 0, 0, 0. Mpe baba 0, 0, 0, 0. Wazazi hawa hawana aleli tawala hata moja, kwa hiyo watoto wote 160 lazima wawe milia-doa.

Kisha wape wazazi wote wawili 1 kila mahali. Watoto wote lazima wawe wazi-safi.

Akitokea hata kifaranga mmoja tofauti, usiendelee. Rudi ukaangalie alama za dola, kisha uangalie kama namba zako zimeandikwa kama namba na si kama maandishi. Jaribio hili linachukua dakika moja, na wanaoliruka hulipa kwa siku nzima ya kutafuta maana ya matokeo ambayo ni kosa la fomula tu.

Hatua ya 4: Pandisha koo mbili halisi

Ukoo halisi ni ule ambao nakala zote mbili zinafanana, hivyo ukizalishwa ndani kwa ndani hautoi kitu kipya. Weka mama 1, 1, 1, 1 na baba 0, 0, 0, 0.

Andika utabiri wako kwanza. Kisha angalia safu ya H.

Wote 160 ni wazi-safi. Hakuna mlia, hakuna doa. Hapa ndipo mtu anaponiambia programu imeharibika, au anamfuta baba na kutafuta "mwenye nguvu zaidi". Usifute chochote. Tazama safu za B hadi E: kila kifaranga ana 1 kutoka kwa mama na 0 kutoka kwa baba. Wote ni wabebaji. Milia haijapotea wala haijachanganyika na kupungua, imekaa kimya.

Umefaulu ikiwa sura ni moja kwa wote, na jeni za kila mmoja ni 1, 0, 1, 0.

Hatua ya 5: Zalisha wajukuu, na ugandishe matokeo mara moja

Chagua vifaranga wawili wa kizazi cha kwanza, uandike aleli zao kwenye safu mlalo za wazazi: mama 1, 0, 1, 0, baba 1, 0, 1, 0. Samaki wa milia watarudi palepale.

Kabla hujafurahi, gandisha. RAND hupiga bahati nasibu upya kila unapoandika kitu popote kwenye faili. Utahesabu milia 43, uandike 43 kwenye kisanduku, na kwa kitendo hicho cha kuandika, samaki wote wamebadilika na sasa ni 37. Watu wameniletea jedwali ambalo jumla zake hazilingani na samaki waliomo, wakadhani ni maajabu ya urithi.

Njia ni hii: chagua A6 hadi H165, nakili, fungua ukurasa mpya katika faili hilohilo, kisha simama kwenye A6 ubandike thamani tupu bila fomula. Kwenye kompyuta, Google Sheets hufanya hivyo kwa Ctrl+Shift+V. Kwenye simu, bonyeza kisanduku kwa muda utafute chaguo la kubandika thamani pekee. Uupe ukurasa huo jina la uzao na tarehe. Kuanzia hapo unahesabu kwenye nakala iliyogandishwa, kamwe si kwenye tangi.

Umefaulu ikiwa unaandika neno lolote pembeni ya nakala na hakuna samaki anayebadilika.

Hatua ya 6: Hesabu wote, wazuri kwa wabaya

Kwenye ukurasa uliogandishwa hesabu milia peke yake kwanza:

=COUNTIF($F$6:$F$165,"milia")

Kwa nadharia robo ya wajukuu watakuwa na milia, yaani 40 kati ya 160, na 120 watakuwa wazi. Mraba wa Punnett, yaani jedwali la kuchanganya aleli za wazazi, unaonyesha sababu: kati ya michanganyiko minne ya 1 na 0 kutoka kwa mama na baba, ni mmoja tu ulio na 0 mbili.

Usitegemee 40 kamili. Kwa vifaranga 160, namba yoyote kati ya 29 na 51 ni ya kawaida. Ukipata 40 kamili katika kila uzao, kuna mtu anakupikia namba.

Kisha hesabu sura zote nne kwa safu ya H. Utabiri ni 90 wazi-safi, 30 wazi-doa, 30 milia-safi na 10 milia-doa. Hawa kumi wa mwisho ndio kila mtu anawataka, kwa kuwa wana mapambo yote mawili. Lakini ukibaki nao peke yao, hujui tena kama ni kumi kati ya 160 au kumi kati ya 40, na tofauti hiyo ndiyo elimu yenyewe. Kumi kati ya 160 inakuambia jeni mbili zinarithiwa kila moja kivyake. Kumi kati ya 40 ingekuambia jambo jingine kabisa.

Hapa pia lazima niseme juu ya uzao mdogo, kwa sababu malalamiko mengi ya "tatu kwa moja haifanyi kazi" yanatoka kwa watu waliozalisha vifaranga wanane. Wazazi wawili wabebaji wakizaa vifaranga wanane, uwezekano wa kutopata hata mmoja wa milia ni robo tatu ikizidishwa yenyewe mara nane, yaani karibu 1 kati ya 10. Darasani mkiwa thelathini, watatu hivi watatoka wakiapa kwamba milia imetoweka, na hakuna aliyekosea.

Hatua ya 7: Pima kama tofauti ni bahati tu

Jaribio la kai-mraba linafanyika kwa kalamu. Kwa kila sura, toa idadi uliyotabiri kutoka kwa uliyopata, zidisha tofauti hiyo kwa yenyewe, gawanya kwa idadi uliyotabiri. Jumlisha zote nne.

Tuseme umepata 84, 35, 29 na 12. Tofauti na utabiri ni 6, 5, 1 na 2. Hesabu inakuwa 36 kwa 90, yaani 0.40, 25 kwa 30, yaani 0.83, 1 kwa 30, yaani 0.03, na 4 kwa 10, yaani 0.40. Jumla ni 1.66 hivi.

Kwa sura nne, kiwango cha kulinganisha ni 7.81. Kwa sura mbili tu, yaani milia dhidi ya wazi, ni 3.84. Jumla yako ikiwa chini ya kiwango, huna sababu ya kuikataa sheria uliyoandika. Ikizidi, rudia uzao. Ikizidi tena na tena, sheria yako si sahihi, na hapo ndipo mambo huanza kunoga.

Hatua ya 8: Mtambue mbebaji

Una samaki wa mwili wazi. Je, ni 1, 1 au 1, 0? Kwa macho huwezi kujua. Mpandishe na samaki wa milia, ambaye lazima awe 0, 0 kwa kuwa milia ni fiche. Huyu hana pa kuficha kitu, kwa hiyo kila kinachoonekana kwa watoto kinafichua alichotoa mzazi wa pili.

Kifaranga mmoja tu wa milia akitokea, umemaliza: mzazi ni mbebaji. Asipotokea, uhakika unakua taratibu. Mbebaji angetoa vifaranga watano mfululizo bila milia mara 1 katika 32. Kumi mfululizo, mara 1 katika 1,024. Mimi husimama kwenye kumi.

Fanya pia kwa sifa zote mbili. Mama 1, 0, 1, 0 na baba 0, 0, 0, 0 watakupa karibu 40 wa kila sura. Kumbuka matokeo haya, maana hatua inayofuata inayavunja.

Hatua ya 9: Ziweke jeni mbili kwenye kromosomu moja

Mpaka sasa milia na doa zimerithiwa kila moja kivyake. Katika samaki wa kweli, jeni nyingi hukaa kromosomu moja, yaani uzi mmoja unaobeba jeni ndani ya seli, na husafiri pamoja. Ni kama abiria wawili waliopanda matatu moja kutoka Kayole: kwa kawaida watafika mjini pamoja, ila mara mojamoja mmoja hushuka njiani akadandia nyingine.

Nakili tangi lako kwenye ukurasa mpya. Ongeza safu mbili. J6 inachagua ni uzi upi kati ya nyuzi mbili za mama (wa kwanza ni B na D, wa pili ni C na E) utakaotoa aleli ya milia:

=IF(RAND()<0.5,1,2)

K6 inachagua uzi utakaotoa doa. Kwa kawaida ni uzi uleule, ila mara 1 katika 10 hubadilika:

=IF(RAND()<0.1,3-J6,J6)

Kisha badilisha B6 na D6 zisome uzi huo:

=IF(J6=1,$B$2,$C$2)
=IF(K6=1,$D$2,$E$2)

C6 na E6 ziache kama zilivyo. Vuta zote hadi 165. Mama awe 1, 0, 1, 0, baba 0 kote.

Badala ya 40 kila upande, utabiri ni 72 wazi-safi, 72 milia-doa, na 8 tu kwa kila moja ya sura mbili zilizochanganyika. Mathalani ukipata 70, 75, 7 na 8, kai-mraba dhidi ya utabiri wa 40 inafika kama 106. Hiyo si bahati mbaya. Jumlisha waliochanganyika, 15, ugawanye kwa 160: asilimia 9.4. Umepima umbali kati ya jeni mbili bila kuiona kromosomu, na jibu linakaribia ile 0.1 uliyoiandika mwenyewe kwenye fomula.

Sasa badilisha mama awe 1, 0, 0, 1. Jeni zilezile, samaki yuleyule kwa sura, lakini sasa walio wengi ni wazi-doa na milia-safi. Kilichobadilika ni nani ameketi na nani kwenye uzi mmoja. Hili huwachanganya hata walimu, kwa hiyo lifanye mara mbili.

Hatua ya 10: Pambo linalotoka kwa baba hadi kwa mwana tu

Gapi wana mapambo kadhaa yaliyoko kwenye kromosomu Y, ile ambayo dume pekee huwa nayo. Mtafiti wa Denmark, Johannes Schmidt, alieleza moja mwaka 1920: doa kwenye pezi la mgongoni, lililotoka kwa baba kwenda kwa wana wote wa kiume bila kuwagusa mabinti.

Kwenye tangi, O3 ya baba andika "analo". N6 na O6 ziwe:

=IF(RAND()<0.5,"jike","dume")
=IF(N6="dume",$O$3,"hana")

Umefaulu ikiwa kila dume analo na hakuna jike mwenye nalo. Kisha mpandishe binti wa samaki huyu na dume asiye na doa, ukiandika "hana" kwenye O3. Doa limekatika moja kwa moja, halikujificha kwa binti. Hapo ndipo lilipo tofauti na aleli fiche, na ndipo unapojua kwa nini mfugaji wa gapi hutunza ukoo wa madume kwa uangalifu mkubwa.

Hatua ya 11: Sura ya katikati

Hii ni fupi. Si kila aleli ni tawala au fiche. Samaki wa dhahabu wa aina ya kaliko, mwenye magamba yanayong'aa hapa na pale na madoa ya rangi nyingi, ni zao la mzazi wa magamba ya kung'aa na mzazi wa magamba yasiyong'aa. Kaliko kwa kaliko hutoa robo wa kung'aa, nusu kaliko, robo wasiong'aa. Ndiyo sababu huwezi kupata ukoo halisi wa kaliko, hata ukichagua wazuri miaka kumi.

Kwenye tangi badilisha F6 tu:

=IF(B6+C6=2,"ng'aa",IF(B6+C6=1,"kaliko","isiyong'aa"))

Wazazi wote wakiwa 1 na 0, tarajia 40, 80 na 40.

Ukilazimika kutumia mchezo ulio tayari

Jaribu jambo moja kabla ya kupoteza bando. Chukua jozi moja uipandishe mara ishirini. Ikiwa watoto ni sawa kabisa kila mara, hata kwa jozi iliyotokana na wazazi mchanganyiko, jaribu jozi nyingine kadhaa. Zikifanya vivyo hivyo, mchezo huo unatumia orodha ya "huyu na huyu huzaa yule", na hauna aleli ndani yake. Ni burudani nzuri, lakini usiandikie ripoti ya urithi.

Ukiona watoto tofauti kutoka kwa jozi moja, basi kuna kitu cha kuchunguza. Anza na sifa moja, tafuta sura ambayo ikipandishwa yenyewe kwa yenyewe haitoi nyingine, kisha fuata hatua ya 4 na kuendelea. Tangi la mchezo huwa na nafasi chache, kwa hiyo andika kila kifaranga kwenye daftari kabla ya kumuuza au kumfuta.

Jambo moja zaidi ambalo wala tangi letu wala mchezo haliwezi kukuonyesha: jeni haichori mlia. Katika pundamilia wa maji, yule samaki mdogo wa maabara anayeitwa zebrafish, milia hutokana na seli za rangi nyeusi, za njano na za kung'aa zinazosukumana na kupangana ngozini. Jeni iitwayo leopard ikiharibika, mazungumzo kati ya seli hizo huvurugika, na milia hukatika ikawa madoa. Kwa hiyo 1 na 0 zako ni swichi. Kinachofanyika baada ya swichi kubonyezwa ni somo jingine.

Hatua ya 12: Mwachie mwenzako akufiche

Mtihani wa mwisho si wa kujisahihisha mwenyewe. Mpe mwenzako tangi. Achague sheria bila kukuambia: kipi ni tawala, kama jeni mbili ziko kromosomu moja, kama kuna pambo la Y. Afiche safu za B hadi E na nyingine zote za hesabu, abakishe sura na jinsi. Wewe unaruhusiwa kumwambia tu, "Nipandishie namba 14 na namba 92," naye akuletee nakala iliyogandishwa.

Anza na samaki wawili wenye sura tofauti. Andika utabiri kila mara kabla ya kuona nakala. Usiombe uzao mpya mpaka umeeleza ule wa kwanza, la sivyo utarudi kulekule kwa kukusanya picha.

Ukifikia uamuzi, andika sheria yake kwa sentensi tatu, ukitaja uzao uliokushawishi na hesabu yake ya kai-mraba. Kisha mwambie afungue safu alizoficha.